Rollins hakutunga vipande vyote
Hapana ndugu uliyesema Rollins alitunga kila kipande cha albamu hii, kati ya vipande vitano vya Saxophone Colossus, albamu ambayo Sonny Rollins, mpiga saksafoni wa jazz wa Marekani, aliirekodi tarehe 22 Juni 1956, vitatu tu ndivyo vyenye jina lake kama mtunzi; "You Don't Know What Love Is" na "Moritat", ambao ni wimbo wa mtunzi Mjerumani Kurt Weill wa mwaka 1928, ni vya wengine. Santuri ninayo hapa Mikindani, na watunzi wameandikwa juu yake. Hata hivyo, "St. Thomas" ihesabiwe kwa tahadhari, kwa kuwa lahani yake ni ya kimapokeo kutoka visiwa vya Karibi, ambayo Rollins aliisikia kwa mama yake tangu utotoni. "Strode Rode" na "Blue 7" ndivyo vyake hasa.