Balbu ya LED imeandikwa saa 25,000, mbona imekufa mapema?

SWALI: Habari, fundi. Nyumba nzima nimeweka balbu za LED za wati 9. Boksi linasema saa 25,000. Ya chooni, iliyo ndani ya globu ya kioo, haikumaliza mwaka. Ya sebuleni bado inawaka ila mwanga umefifia. Je, nimeuziwa feki? Msomaji, Tanga.

JIBU: Si lazima ziwe feki. Hapo una matatizo mawili tofauti, ila nyuma ya yote mawili naona joto.

Kwanza hiyo namba. Saa 25,000 kwa kawaida si muda wa balbu kuwaka hadi izimike. Ni makadirio ya muda ambao mwanga utashuka mpaka asilimia 70 ya ule wa mwanzo, na kitaalamu huitwa L70. Vile vidoti vya njano vilivyo ndani ya balbu, ambavyo ndivyo LED zenyewe zinazotoa mwanga, hupimwa maabara kwa saa 6,000 au zaidi, kisha muda uliobaki hupigiwa hesabu. Kinachopimwa hivyo ni vidoti, wala si saketi inayoviwasha. Ningependa maboksi yaseme hivyo waziwazi, maana mnunuzi ana haki ya kujua.

Ya sebuleni imechoka vidoti. Kila kidoti hutoa mwanga wa buluu, na ule utando wa njano juu yake ndio unaoufanya uonekane mweupe. Joto huuchosha utando na plastiki yake, mwanga ukapungua na hata rangi ikabadilika. Kwa saa 6 kila usiku, saa 25,000 ni zaidi ya miaka 11. Lakini balbu za bei ya chini mara nyingi huwa na vidoti vichache vinavyosukumiwa umeme mwingi, kwa hiyo hufifia mapema.

Ya chooni naishuku saketi iliyo kwenye kitako, inayobadilisha umeme wa volti 230 uwafae vidoti. Nyingi zina kapasita, yaani kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji ya umeme, yenye majimaji ndani, na joto huyakausha. Kwa makadirio ya mafundi, joto likipanda nyuzi 10 umri wa kapasita hupungua nusu. Ndani ya globu iliyofungwa hewa haizunguki, na Tanga kwenyewe kuna joto. Balbu ya namna hiyo huanza kumetameta au kuchelewa kuwaka, halafu inazima moja kwa moja.

Ukifungua kifuniko cha balbu iliyokufa, ikiwa nje ya holda, tazama vidoti. Chenye alama nyeusi katikati kimeungua, na kwa kuwa vingi huungwa kwa mfululizo, kimoja kikikatika vyote huzima. Wapo wanaokiruka kwa risasi ya kuchomelea. Mimi siungi mkono: vilivyobaki huelemewa, na balbu ikiwashwa bila kifuniko vidoti vinaweza kuwa na umeme wa kuua.

Balbu kadhaa zikifa siku moja, hasa umeme uliporudi baada ya kukatika, usilaumu balbu. Mwite fundi akague kama nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, imelegea.

Chooni ondoa globu kama maji hayafiki pale, au tafuta balbu iliyoandikwa kuwa inafaa taa zilizofungwa. Wati 5 zinatosha choo kidogo, na joto litapungua. Dukani linganisha lumeni, yaani kipimo cha mwanga, si wati pekee. Tunza risiti, na uandike tarehe kwenye kitako kwa kalamu ya wino mzito kabla ya kuifunga.