Unaanza kufuga kuku wa mayai? Nunua wa wiki 16

Mtu anayeanza kufuga Ruai, Kasarani au Kikuyu, ndani na kando ya Nairobi, huvutwa na vifaranga wa siku moja kwa sababu bei yao ni ndogo. Piga hesabu yote kwanza. Kuku mmoja hula takriban kilo 6.5 za chakula kabla ya kufikisha wiki 18, kwa hivyo vifaranga 100 watamaliza zaidi ya magunia 9 ya kilo 70 na bado hujaokota yai. Weka juu yake makaa au stima. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Julai, baridi ya Nairobi inapobana, jiko likizima usiku vifaranga hurundikana pembeni na wa chini hufa kwa kukosa hewa.

Chanjo nazo zina siku zake: mareki (ugonjwa wa kupooza) siku ya kwanza, gumboro (ugonjwa unaoua kinga ya mwili) mara mbili kabla ya mwezi kwisha, kisha kideri (mdondo), ndui na taifodi ya kuku. Ukikosea ratiba au dawa ikipata joto njiani, utajua kuku wameshakua na gharama imeshaingia. Kazi hii mwachie aliyeizoea, nawe ujifunze kwa kundi la pili.

Kosa la upande wa pili ni kungoja kuku ambao muuzaji anasema wataanza kutaga kesho. Kuku wa wiki 19 au 20 akisafirishwa hutikisika: hupunguza kula, kutaga kunachelewa, na aliyekwisha kuanza anaweza kusimama kabisa. Wa wiki 16 ana wiki tatu au nne za kuzoea banda, maji na wenzake, na chanjo ya kideri ya wiki ya 18 itamkuta ametulia. Muda huo wa kungoja si mrefu, na chakula chake unaweza kukihesabu. Kuku 100 wa umri huo hula karibu kilo 8 kwa siku.

Umri usiukubali kwa maneno. Omba rekodi ya chanjo yenye tarehe, uhesabu kuanzia siku ya kuanguliwa. Kisha beba mizani. Pima kuku 10 katika kila 100, ukiwakamata kutoka kila kona, si wale wanaokuja mlangoni. Kuku wa rangi ya kahawia wa wiki 16 awe na kilo 1.3 hadi 1.45. Wengi wakiwa chini ya hapo walinyimwa chakula au waliugua, na wataanza kutaga wakiwa wamechelewa na mayai yao yatakuwa madogo. Wakitofautiana sana, wanyonge watasukumwa kwenye vyombo vya chakula maisha yao yote.

Shika mmoja mmoja. Kishungi bado ni kidogo na kimepauka, miguu ni ya manjano, ncha ya mfupa wa kidari inapinda kidogo kwa kidole. Miguu ikiwa imepauka, manyoya yamechakaa na mifupa miwili ya nyonga imeachana vidole viwili au zaidi, huyo ametaga kwa miezi mingi. Kuku wa namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu mwenyewe anamwondoa. Anafaa sufuria.

Wahamishe alfajiri au jioni, uwape maji yenye vitamini kabla ya chakula. Kwa muuzaji uliza chapa ya chakula walichozoea, na ubadilishe polepole kwa siku 7. Usiwape leyasi, chakula cha kuku wanaotaga, mara tu wanapofika: kina kalisi nyingi ya kutengeneza maganda, na kuku ambaye hajakaribia kutaga akilishwa hivyo kwa wiki kadhaa figo zake huharibika. Endelea na growasi, chakula cha kuku wanaokua, hadi uone mayai ya kwanza.

Taa pia isiwashwe mapema. Mchana wa Nairobi una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, na kundi linalotaga hufanya vizuri kwenye saa 15 au 16 za mwanga. Anza kuongeza mwanga wa taa wiki ya 18, nusu saa kila wiki, na iwapo tu uzito umefikia kilo 1.45. Ukimharakisha kuku mwepesi, atataga vijiyai na njia ya yai inaweza kutoka nje, kisha wenzake wamdonoe hadi afe.