Hedifoni ya Bei Nafuu Nairobi: Ziba Sikio Kwanza

Juzi nimetia saini mkataba wa mwaka mzima wa kunakili mahojiano ya watafiti, yaani kusikiliza rekodi na kuyaandika maneno yake, kazi ninayoifanyia chumbani mwangu hapa Zimmerman. Tangu nilipoitangaza habari hiyo mtandaoni, ujumbe haujakatika. Ulionigusa zaidi ni wa kijana mmoja wa Kayole: "Dada, nina elfu tatu tu. Naishi juu ya baa na nyuma ya ploti kuna fundi wa kuchomelea. Ninunue hedifoni gani ili niweze kufanya kazi?" Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua wenye swali lake ni wengi.

Shida hiyo naijua vizuri. Kabla ya kuanza kunakili, niliitwa kwa usaili wa kazi ya kujibu simu za wateja kutoka nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, hata jirani nilimwomba apunguze redio. Tulipofika swali la pili, matatu ikasimama chini ya dirisha langu, makanga akaanza kugonga bati na kuita abiria, dereva naye akakalia honi. Mama aliyekuwa akinihoji aliniuliza kama niko sokoni. Kabla sijamjibu akasema watanipigia. Hawakupiga. Kiingereza changu kilikuwa sawa, Kiswahili sawa, kasi ya kuchapa sawa. Nilinyimwa kazi kwa sababu ya honi ya mtu, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Kesho yake nikashuka mjini, Luthuli Avenue, nikaingia kwenye kiduka kimoja. Muuzaji akanitolea boksi lenye herufi tatu kubwa, ENC. "Siste, hii inaua kelele yote," akaniambia. Nikalipa. Kufika nyumbani, nilisikia kila kitu kama kawaida: redio, watoto, mabati. Niliporudi na risiti mkononi nikaambiwa, mbele ya wateja wengine, kwamba kitu kikishafunguliwa hakirudishwi.

Basi nisikilize. ENC ni kazi ya maiki. Inachuja kelele iliyokuzunguka ili yule unayeongea naye kwa simu akusikie vizuri. Masikio yako haiyasaidii lolote. Kwenye usaili kama ule wangu ingenifaa, ndiyo, lakini kwa mtu anayetaka kusikiliza rekodi kwa utulivu ni pesa imepotea. Herufi za kutafuta ni ANC, ile inayopunguza kelele inayofika masikioni mwako. ENC ni ya mwenzako, ANC ni yako. Shika hilo hata ukisahau mengine yote.

Hata hivyo, ANC nayo usiitarajie miujiza. Hedifoni ya aina hiyo ina maiki ndogo zinazosikiliza kelele ya nje, kisha inatoa mawimbi ya sauti yaliyo kinyume cha yale, yakikutana yanafutana. Mbinu hiyo inaweza zaidi ngurumo nzito isiyobadilika. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, alianza kuifanyia kazi mwaka 1978 akiwa kwenye ndege kutoka Zurich, na hedifoni za namna hiyo ambazo kampuni yake ilianza kuuza mwaka 1989 zilikuwa za marubani. Ndiyo maana injini ya basi la Thika Road inapungua sana ukiwasha ANC, na jenereta ya duka jirani stima ikipotea, na feni. Lakini mhubiri mwenye spika, mtoto anayelia, makanga anayeita "Tao! Tao!", honi ya ghafla, hizo ni sauti zinazopanda na kushuka kila mara. ANC ya bei nafuu itaziacha nyingi zipite.

Sasa jiulize, kelele ya mtaani kwako ni ipi hasa? Kwa wengi wetu ni watu. Na sauti ya mtu unaizuia kwa kuziba sikio kabla ya kufikiria umeme wowote.

Hapa ndipo mambo yangu yalipobadilika. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi studio alinionyesha ncha za sponji, zile zinazowekwa badala ya vipira vya kawaida kwenye hedifoni ndogo za kuingiza sikioni. Unaibana sponji kwa vidole viwili mpaka iwe nyembamba, unavuta sikio juu kidogo kwa mkono mwingine, unaingiza, unashikilia hapo huku ukiisikia ikifura taratibu na kujaza tundu. Mtaa unafifia wakati hujabonyeza chochote. Ukitaka kujua kama umeziba sawasawa, sema neno. Sauti yako ikivuma nzito ndani ya kichwa, umepata. Ikiwa inasikika kama kawaida, hewa inapita na kelele inapita nayo. Ukitumia vile vipira vinavyokuja na boksi, jaribu saizi zote. Masikio mawili ya mtu mmoja huweza kutaka saizi tofauti, na wengi hawajawahi hata kufungua kile kifuko.

Wanaopenda zile kubwa za kufunika sikio lote, angalieni nywele zenu. Nikisuka rasta nene, ule mto hauwezi kushika vizuri pembeni na kelele inaingia kwa nyuma. Fremu nene ya miwani nayo inaacha mwanya. Muuzaji hatakwambia hayo.

Ukienda Luthuli, jaribu papo hapo, maana kelele haikosekani. Vaa bila muziki, ANC ikiwa imezimwa, umsikilize muuzaji akiongea. Sauti yake ikishuka, umbo limekufaa. Kisha washa ANC usikilize mngurumo wa magari. Mngurumo usiposhuka, mrudishie boksi lake. Kuhusu betri, ile namba kubwa iliyoandikwa nje kwa kawaida ni ya ANC ikiwa imezimwa, kwa hiyo uliza saa ngapi ikiwa imewashwa. Na waranti iandikwe kwenye risiti kabla ya kutuma M-Pesa. Kabla, si baada.

Vijana wenzangu, kuna jambo linanisikitisha kwenye matatu zetu. Mtu anaongeza muziki wake mpaka mwisho ili ufunike muziki wa gari. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 ni saa 4 tu. Sikio likishaharibika kwa kelele halirudi. Sisi tunaokula kwa kusikiliza tunapaswa kulilinda jinsi fundi cherehani anavyolinda macho yake. Anayeziba vizuri hahitaji kuongeza sauti, na mimi hufanya kazi sauti ikiwa chini ya nusu.

Sasa ndugu yangu wa Kayole. Kwa elfu tatu, achana na ANC kwa sasa, kwani za bei hiyo nilizojaribu hazikunitosha. Chukua hedifoni ndogo ya waya yenye maiki, ya kampuni inayojulikana, kisha uongeze ncha za sponji zinazoingia kwenye mdomo wake (pima ukiwa dukani, saizi hutofautiana). Waya haucheleweshi sauti na hauhitaji chaji. Mlio wa grainda ya fundi ni mwembamba, sponji itaukata vizuri. Mdundo wa baa ni mzito, huo utapungua kidogo tu, kwa hiyo rekodi ngumu zifanye asubuhi baa ikiwa imefungwa. Ukipata malipo na kuweka kando elfu sita hadi nane, tafuta ya kufunika sikio yenye ANC na tundu la waya, ya chapa ya Soundcore kwa mfano, ili betri ikiisha uendelee kusikiliza. Na ukitoka nayo nje, toa upande mmoja kabla ya kuvuka barabara, maana bodaboda hazikusubiri.