Maswali ya Wasomaji: Uzamili wa mawasiliano na uhusiano wa kimataifa

SWALI: Mimi ni mtangazaji wa redio hapa Mwanza, nina shahada ya uandishi wa habari. Nataka uzamili Uingereza unaounganisha mawasiliano na uhusiano wa kimataifa, kwa ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na orodha ya masomo, si jina la kozi. Uzamili wa Uingereza huwa na krediti 180 (vipimo vya uzito wa masomo), kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja, na mara nyingi 60 ni za tasnifu. Kagua zile 120 zinazobaki. Kuna kozi zina "uhusiano wa kimataifa" kwenye jina, lakini ndani utakuta somo moja tu la diplomasia, tena la hiari. Hiyo ni kozi ya habari iliyovaa suti.

Chevening hutaka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, uombe kozi tatu tofauti, na uahidi kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Kozi hizo zikaribiane. Ukichanganya diplomasia na masoko, maelezo yako hayatashikana. Na chuo unaomba mwenyewe, Chevening haikuombei.

Mada ya tasnifu ndiyo huangusha wengi. "Athari za vyombo vya habari katika siasa za dunia" ni pana mno. Afadhali uchunguze jinsi Radio Okapi ya Kongo, iliyoanzishwa 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle, shirika la Uswisi la kusaidia vyombo vya habari, inavyoripoti mazungumzo ya amani kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hapo Kiswahili chako ni mtaji.