Maswali ya Wasomaji: Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini giza tupu

Barua za kompyuta mwezi huu zimekuwa nyingi na karibu zote ni stori moja, mtu kajichanga kanunua vifaa kimoja kimoja, kaunga mwenyewe sebuleni, kabonyeza swichi, mambo yamegoma. Akirudi dukani anaambiwa prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imekufa anunue nyingine. Jamani, prosesa ni katika vitu vinavyokufa kwa nadra sana kwenye mashine! Kabla hujanunua kitu kipya, toa vitu kwanza. Twende.

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo chuo hapa Mwanza na hii ndo deskitopu yangu ya kwanza kuunga. Nina prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi (bodi kuu) ya B450 ya mtumba ambayo kaka angu alinichukulia Kariakoo, RAM moja ya 8GB, SSD na pawa saplai ya wati 450. Kadi ya grafiksi bado, nasubiri boom (hela ya mkopo wa chuo). Nikiwasha feni zinazunguka vizuri ila monita inasema haipati signali. HDMI nimechomeka nyuma ya mazabodi. Dukani wanasema prosesa imeungua, nilete laki tatu wanipe nyingine. Nitoe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitoe hata mia. Umeshanipa jibu mwenyewe bila kujua, uliposema kadi ya grafiksi bado.

Ryzen 5 5600 haina grafiksi ndani yake. Ile HDMI unayoiona nyuma ya mazabodi ni tundu tu, haitengenezi picha yenyewe, inasubiri picha itoke kwenye prosesa, na prosesa yako haina cha kutoa. Yenye grafiksi ndani ni 5600G, hiyo herufi G mwishoni ndo kila kitu, na kwa upande wa Intel mambo yamegeuka kidogo, pale herufi F ndo inakwambia grafiksi hamna, kwa mfano i5-12400F. Wauza duka wengi wanaijua hii lakini mteja akija na hela yake mkononi anataka 5600 nani atamuuliza maswali.

Sasa usishangilie bado, manake kuna tatizo la pili linaweza kuwa limejificha nyuma ya hilo. Bodi za B450 zilitoka 2018. Ryzen za familia ya 5000 zilianza kuja mwishoni mwa 2020, na hiyo 5600 yako ni ya 2022. Kwa hiyo kama bodi yako ya mtumba ina bayosi ya zamani (ile programu ndogo ndani ya bodi inayoiamsha mashine), haiitambui prosesa kabisa na dalili yake ni hiyohiyo, feni zinazunguka skrini giza, hata ukiweka kadi ya grafiksi ya mamilioni. Angalia nyuma ya bodi pale kwenye matundu ya USB kama kuna kitufe kidogo kimeandikwa flashback. Kama kipo una bahati, unashusha faili la bayosi kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza bodi (modeli ileile kabisa, mpaka herufi ya mwisho), unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, unalibadilisha jina kama kitabu cha bodi kinavyoelekeza, unachomeka kwenye tundu lake na kubonyeza, haihitaji prosesa wala RAM. Kama kitufe hakipo, tafuta mtu mwenye Ryzen ya zamani kama 2600, muiweke kwa muda, muapdeti bayosi, afu urudishe yako. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo bodi inaweza kugoma kabisa, na umeme wetu unaujua, kwa hiyo fanya ukiwa na UPS (ile betri ya akiba), au nenda kaifanyie kwa mwenye nayo.

Na hapo kwenye kubadilisha prosesa kuwa makini, prosesa za AM4 (ndo aina ya soketi ya bodi yako) pini ziko kwenye prosesa yenyewe sio kwenye bodi. Feni ukiivuta kwa nguvu juu inang'oa na prosesa pamoja nayo ikiwa imegandia kwenye ile pesti ya kupitisha joto inayopakwa katikati yao, pini zinapinda, hapo ndo utaijua laki tatu vizuri. Washa mashine dakika kadhaa pesti ipate joto, zima, chomoa waya wa ukutani, afu izungushe feni kushoto kulia taratibu mpaka ilegee ndo unyanyue.

Kama duka wanakubali, badilishana nao hiyo 5600 upewe 5600G uongeze kidogo kama kuna tofauti. Kwa masomo, muvi na gemu nyepesi inakutosha, na boom ikija unaongeza RAM ya pili badala ya kukimbilia kadi, sababu grafiksi ya ndani haina kumbukumbu yake, inakula kwenye RAM hiyohiyo, na RAM moja inaipa njia moja tu ya kupita. Mbili za 8GB zinaifanya 5600G ichangamke mpaka unajiuliza ulikuwa unateseka nini. Ziweke tundu la pili na la nne ukihesabu kutokea kwenye prosesa, bodi nyingi za matundu manne ziko hivyo, na kandamiza mpaka usikie "ta!". RAM ambayo haijaingia sawasawa nimekutana nayo kwenye mashine nyingi kuliko RAM mbovu.

Ikigoma hata baada ya hapo, toa kila kitu kwenye keisi. Ndio, kila kitu. Laza mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, bakiza prosesa na feni yake, RAM moja, pawa saplai na waya wa monita, basi. SSD weka pembeni, haihitajiki kutoa picha ya kwanza. Hakikisha waya mbili za umeme zimeingia, ule mpana wa pini 24 na ule mwingine wa pini 8 au 4 kule juu kona ya prosesa, huo wa pili watu wanausahau sana na feni zinazunguka bila huo vizuri tu, ndo maana unawadanganya. Afu gusisha zile pini mbili za swichi ya kuwashia na ncha ya bisibisi, sekunde moja inatosha. Ikiwaka hapo juu ya boksi na ikigoma ndani ya keisi, basi kuna skrubu au nguzo imekaa mahali sipo chini ya bodi inapiga shoti. Bodi nyingi pia zina vitaa vinne vidogo vya prosesa, RAM, grafiksi na diski, kitakachobaki kinawaka ndo kinakuonesha pa kuanzia. Rudisha kifaa kimoja, washa, zima, rudisha kingine. Inachosha lakini ni bure.

SWALI: Habari fundi. Niko Tabata, mimi na mume wangu tumeunga kompyuta ya watoto na inafanya kazi vizuri sana. Ila mtoto akigusa keisi akiwa peku anasema inamtekenya. Mume wangu anasema ni kawaida, avae kandambili. Ni kweli?

JIBU: Dada yangu, mwambie shemeji kwa heshima zote kwamba kandambili sio ethi, yaani ule waya wa usalama unaokwenda ardhini.

Pale umeme unapoingilia kwenye pawa saplai kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja makelele ya umeme, moja imeshikana na waya wa moto na nyingine na nyutro, na zote mbili upande wa pili zimeshika kwenye chuma cha keisi. Zimewekwa hivyo kwa imani kwamba chuma hicho kimeungwa na ethi. Ethi ikikosekana, keisi nzima inabaki inaelea kwenye nusu ya umeme wa ukutani, yaani kwenye volti 230 zetu ni kama 115. Mkondo wake ni mdogo mno ndo maana mtoto anatekenywa na harushwi. Hatari yenyewe ni siku waya ndani ukiachia ukagusa chuma kweli, hapo hakuna pa kwenda umeme isipokuwa kwa huyo aliyeshika keisi.

Anza na ekstensheni. Nyingi za bei rahisi zina matundu matatu kwa mbele lakini ndani ya waya kuna nyaya mbili tu, ya ethi hawakuiweka kabisa. Kama mnatumia adapta ya pini mbili, itupeni. Chomekeni moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na kama bado anatekenywa basi ethi ya nyumba yenyewe ndo haipo au imekatika, muiteni fundi umeme aipime mpaka kwenye ile nondo iliyochimbiwa nje. Na kabla hamjarekebisha msichomeke wala kuchomoa HDMI mashine ikiwa kwenye umeme, tofauti hiyo ya volti inaweza kuunguza tundu la HDMI la kompyuta au la tivii.

SWALI: Mjomba katuletea deskitopu kutoka Marekani. Nimechomeka tu, ikapiga "paa!" na moshi. Imekufa yote?

JIBU: Pole. Nyuma ya pawa saplai karibu na tundu la waya kuna kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230, sivyo? Marekani wanatumia volti 120, mashine ilikuja imewekwa 115. Mara nyingi inaungua pawa saplai peke yake. Usiifungue kujaribu kuitengeneza, kapasita zake zinabaki na chaji hata ukishachomoa. Azima nyingine nzima ujaribu nayo, na mpya ukinunua chukua isiyo na hicho kiswichi, inayojirekebisha yenyewe kuanzia volti 100 hadi 240.

SWALI: Niaje fundi, niko Nairobi. Nimepata kompyuta ya Dell, OptiPlex 7010 ile nyembamba, mtumba, bei poa. Nataka kuiwekea kadi ya grafiksi ya GTX 1650 nicheze gemu. Nichukue?

JIBU: Kwanza uliza ni 7010 ipi, Dell walilirudia jina hilo 2023. Kwa bei hiyo najua ni ile ya 2012, Intel ya kizazi cha tatu, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane huku Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Keisi nyembamba inakubali kadi za kimo kifupi tu, pawa saplai yake ni wati 240. Mimi nisingechukua. Ongeza hela utafute OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 na iwe ya mnara sio nyembamba, ila jua pawa saplai zake hazibadilishani na za kawaida, pini ni za kwao wenyewe, kwa hiyo kadi isiyohitaji waya wake wa umeme ndo itakufaa.

SWALI: Salaam aleikum bwana fundi. Mimi wa Mombasa. Nimeunga mashine yangu juzi, yawaka vizuri lakini haimalizi muda, yazima yenyewe. Ni joto la Pwani?

JIBU: Waaleikum salaam. Joto la Pwani linachangia lakini haliwezi kuzima mashine mpya. Ingia bayosi utazame nyuzi joto za prosesa, ikiwa imekaa tu na inapanda kuelekea 90, ng'oa feni yake ugeuze chini uangalie. Feni nyingi zinazouzwa peke yake zinakuja na kinailoni chembamba cha kukinga ule uso unaogusana na prosesa, kuna maandishi madogo ya kukwambia ukitoe na watu hawayasomi. Kama kipo, kibandue, futa pesti yote kwa spiriti na kitambaa safi, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, kaza skrubu kwa kukingamisha. Kama hakipo na nyuzi ziko chini ya 60, basi shida sio joto, niandikie tena unitajie pawa saplai gani umeweka.