Posta hadi Ubungo: hiyo 0.09 ni digrii

Mkuu, umeuliza kwa nini QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, inakupa umbali wa 0.09 tu hapa Dar; haijaharibika. Hiyo 0.09 uliyopata kutoka Posta hadi Ubungo ni digrii za latitudo na longitudo, na digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111. Kwenye dirisha la kupimia chagua "Ellipsoidal" (kipimo kinachofuata mviringo wa dunia), uniti weka mita. Utapata kilomita 9 na ushee. Kwenye kikokotoo cha jedwali (field calculator) tumia $length. Ile length($geometry) hupima bapa tu, kana kwamba dunia ni tambarare.

Kwa kazi ya michoro, hamishia data UTM kanda ya 37 Kusini, mfumo wa ramani unaotumia mita; namba yake kwenye QGIS ni EPSG:32737. Kwa Dar kosa lake ni kama sentimita 40 kwa kilomita. Ukipimia bapa kwenye EPSG:3857, mfumo wa ramani za mtandaoni, unazidishiwa mita 7 hadi 14 hivi kila kilomita, kutegemea mwelekeo, na kwa macho hutagundua kabisa.

Tafadhali angalia pia kama ramani yako ni ya zamani, yaani ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia ramani za Afrika Mashariki. Ukiichanganya na nukta za GPS bila kubadilisha, nyumba inahama takriban mita 300! Na kumbuka, zile kilomita 9 za Posta hadi Ubungo ni mstari mnyoofu, si za barabarani. Kivukoni hadi Kigamboni kwa gari kupitia daraja la Nyerere ni hesabu nyingine.