Tindikali, alkali na pitta: ya kushika mapema kwa anayeanza Ayurveda

Wengi wanaoanza kujifunza Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huja na ile jedwali ya vyakula vya tindikali na vya alkali inayozunguka kwenye simu, wakidhani ndiyo Ayurveda yenyewe. Iwekeni kando. Jedwali ile hupanga vyakula kwa mabaki yake baada ya kutumika mwilini, ndiyo maana ndimu imewekwa upande wa alkali. Ayurveda hupima kwa njia nyingine: ladha ulimini (rasa), joto au ubaridi wa chakula (virya), na ladha inayobaki baada ya mmeng'enyo (vipaka). Kwa kipimo hicho ndimu ni chachu, na uchachu hupandisha pitta, yaani nguvu ya moto mwilini. Ukimpa mwenye kiungulia maji ya ndimu asubuhi tumbo likiwa tupu kwa kuwa "yanaleta alkali", unamchochea moto.

Kabla ya kugusa dawa yoyote, tenganisha mambo matatu. Damu ina pH ya 7.35 hadi 7.45, na mapafu na figo huilinda usiku na mchana. Tango au juisi ya kijani haziisogezi. Ikishuka kweli, kwa mfano kwa mgonjwa wa kisukari anayehema kwa kasi huku pumzi ikinuka kama matunda, hiyo ni dharura ya hospitali. Tumboni ni tofauti kabisa: tindikali kali, pH kati ya 1.5 na 3.5, inahitajika ili kuvunja protini na kuua vijidudu. Mkojo nao hupanda na kushuka kati ya 4.5 na 8, kwa hiyo karatasi ya kuupimia inaonyesha tu figo zimetoa nini saa ile. Pitta haiingii kwenye kipimo chochote kati ya hivyo. Ni jumla ya sifa: joto, ukali, umajimaji, mafuta kidogo, uchachu. Unaitambua kwa dalili.

Ugonjwa utakaokutana nao zaidi ni amlapitta, yaani pitta iliyochacha. Vitabu vya kale, Kashyapa Samhita na Madhava Nidana, vimeueleza kama ugonjwa wenye jina lake. Kuna unaopanda juu (urdhvaga): kiungulia, kucheua maji machungu au machachu, kichefuchefu, kichwa kuuma. Na kuna unaoshuka chini (adhoga): choo chepesi chenye kuunguza, kiu, kizunguzungu. Uulize kwa undani. Kiungulia kinakuja saa ngapi? Pitta hutawala saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kisha tena saa nne usiku hadi saa nane usiku, kwa hiyo anayeamka saa sita za usiku kifua kikiwaka anakupa fununu nzuri. Muulize pia anakula lini, maana kosa kubwa mara nyingi halipo kwenye chakula bali kwenye kula juu ya chakula ambacho hakijashuka (adhyashana). Kisha tazama ulimi. Ukiwa na utando mzito mweupe, tumbo zito, hamu ya kula hakuna, hiyo ni dalili ya "ama", mabaki ya chakula ambacho mmeng'enyo dhaifu umeshindwa kukimaliza. Hapo tangawizi kavu kidogo inafaa. Ulimi ukiwa mwekundu, mgonjwa ana njaa kali na anaungua, tangawizi hiyohiyo itamdhuru. Wanaoanza huteleza hapa kuliko popote, kwa sababu wamezoea kuamini kuwa tangawizi ni dawa ya kila tumbo.

Matibabu huanzia jikoni. Punguza chachu, chumvi na kali: achari, ukwaju, embe bichi la pilipili, mbilimbi, kahawa tungu kabla ya kula. Ongeza tamu ya asili, chungu na ya ukakasi: wali, choroko, mung'unye, tango, samli kidogo. Choroko ndiyo punje ya jamii ya kunde inayosifiwa kuliko zote kwenye vitabu vya Ayurveda. Loweka kikombe kimoja, chemsha kwa vikombe vinane vya maji hadi punje zipasuke na supu iwe laini, kisha tia bizari nyembamba iliyokaangwa kwenye samli na chumvi ya kutosha tu. Usitie pilipili. Kiasi cha kula: sehemu mbili za tumbo chakula, moja maji, moja ibaki wazi. Mtindi usiliwe usiku. Komamanga na amla ni chachu lakini hazipandishi pitta kama chachu nyingine, kwa hiyo usizikataze.

Kinywaji rahisi cha kutuliza ni "hima" ya giligilani, yaani maji baridi yaliyolowekewa mbegu zake. Chukua uzito mmoja wa mbegu zilizopondwa nusunusu kwa maji mara sita, mfano gramu 20 kwa mililita 120. Loweka usiku kucha kwenye chombo cha udongo au kioo, usichemshe, chuja asubuhi. Ukichemsha si hima tena, na ubaridi unaoutafuta unapungua.

Sasa alkali. Ayurveda inaijua vizuri sana, inaiita kshara: majivu ya mmea huyeyushwa kwenye maji, huchujwa, kisha maji huchemshwa hadi yakauke na kubaki chumvi. Sushruta, mwandishi wa kale wa upasuaji, anaitumia kukata na kuchoma vidonda na uvimbe. Lakini Charaka, mwandishi mwingine wa kale wa Ayurveda, anaitaja pamoja na pilipili ndefu na chumvi kuwa vitu visivyotumika kwa wingi, na anaonya kuwa kshara ikizidi hudhuru macho, nywele, nguvu za kiume na moyo. Kwa hiyo anayelamba magadi au soda ya kuokea kila kiungulia kinapomshika hafuati Ayurveda. Soda imejaa sodiamu, ni hatari kwa mwenye presha au figo mbovu. Na magadi kwenye maharage hulainisha ganda haraka, lakini huharibu vitamini B1.

Kwa unga wa mimea, anza na shatavari, gramu 3 kwa maziwa ya vuguvugu. Yashtimadhu (mzizi mtamu wa licorice) hutuliza koo na tumbo, lakini ikitumika kwa muda mrefu hupandisha presha na kushusha potasiamu. Avipattikara churna, unga wa mchanganyiko wa mimea, ina trivrit, mzizi unaoharisha, usimpe mjamzito. Bhasma (majivu ya dawa) za makombe kama shankha ni kalisi: zitenge na vidonge vya madini ya chuma, tezi au antibiotiki kwa saa nne. Dawa zenye zebaki usiziguse ukiwa mwanafunzi.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu, chakula kukwama, kukonda bila sababu, au maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi: siku hiyohiyo hospitali. Na kiungulia kikipita wiki tatu, mwambie akapime bakteria wa tumbo, H. pylori, kabla hujaandika unga mwingine.